Dereva Amefungiwa Ndani

Usiku wa jana niliota niko ndani ya kompyuta ya mjukuu wangu Nakijwa, nimevaa kanga na kandambili, na hakuna aliyenipa kiti.

Kompyuta yenyewe ilikuwa imegoma kuwaka tangu Ijumaa. Nakijwa aliiundia kiini kipya, kile kinachoiamsha mashine, akisema cha zamani ni kizito. Kizito kilikuwa kinawaka. Chepesi hakiwaki. Na kazi yake yote ya chuo imo humo; Jumatatu anaitetea mbele ya walimu. Hongera sana, mjukuu wangu.

Basi, kiini nakiona. Ni cha yai hasa, cha njano, kimekaa juu ya kigoda kinatetemeka.

"Nimetaharuki," kinasema.

"Naona. Na shikamoo huijui?"

"Shikamoo bibi. Nimetaharuki. Mzizi wa mfumo, ambao bila huo siwaki, uko ndani ya diski, na mlango umefungwa."

Nagonga mlango wa diski.

"Nani?" sauti inauliza kutoka ndani.

"Bibi yake Nakijwa. Wewe?"

"Dereva wa diski. Kazi yangu ni kufungua mlango huu."

"Basi fungua, baba."

"Mpaka kiini kiniite kazini."

Nakigeukia kiini. "Mwite."

"Simfikii mpaka mlango ufunguliwe."

"Ufunguliwe na nani?"

"Na dereva."

"Nifungulieni nije niwafungulie," dereva akadakia, bila aibu.

"Nani alikuweka humo?"

"Nakijwa. Eti nikikaa ndani ya kiini, nitakiongezea uzito."

Akili nyingi huondoa maarifa.

Mara mlango umekuwa jiko langu la Usangi. Kiini cha zamani kimelala kikapuni, kinene, kimenuna.

"Dereva wangu namlaza tumboni," kinasema. "Ndiyo maana mkaniita mzito."

"Mjukuu wangu anaweza kufeli. Tusaidie."

"Si aniguse tu? Nipo pale pale kwenye orodha ya kuwashia, mstari wa chini. Tangu Ijumaa ananipita kama mkwe anayedaiwa mbuzi."

Nikakigusa mimi.

Kelele zikaniamsha. "Bibi! Imewaka! Kazi yangu ipo yote! Nani amechagua kiini cha zamani?"

"Labda kimechoka kungoja."

Nakijwa akainamia kibodi. Kitufe cha mshale wa chini kilikuwa kinanata, kina unjano mbichi. Akakinusa.

"Bibi, nani amekula yai hapa?"

Nikakikunja kidole.