Nyama ya Mtori

Mwaka wa tisini na nane tulibanana kwenye fleti ya da Adela pale Riverdale, Marekani. Mimi nililala chini, godoro limekwisha, na mpaka leo sijapata kulala vizuri kama vile.

Da Adela alikuwa anatunza wazee Rockville. Mdogo wake Vaileth, aliyeolewa Uswidi, akajifungua. Hana ndugu hata mmoja kule, mume anampa mkate baridi. Da Adela akakata tiketi.

Basi kila mtu akawa mtaalamu wa Uswidi. Kamande, Mkenya tuliyekaa naye, hajawahi kuvuka Baltimore, lakini akamfundisha kutembea kwenye barafu. Mimi nikatumwa kupiga simu ubalozi wa Uswidi, maana shule niliacha, mdomo sikuacha. Wakasema viza iwe kwenye pasi, asisahau grinkadi, kibali chake cha ukaazi, ya kurudia Marekani, awe na barua ya mwenyeji, na nyama asibebe. Nikamweleza yote. Hilo la nyama akajifanya hajasikia.

Kwa Wachaga mzazi analishwa mtori, supu nzito ya ndizi mbichi na nyama, na ndugu haendi kumwona mikono mitupu. Akakausha nyama ya ng'ombe kwenye oveni kutwa nzima. Jengo lote likanukia Krismasi ya Moshi.

Tulipofika uwanja wa ndege wa Dulles, foleni ikiwa inasogea, nikafungua begi lake palepale. Nyama ilikuwa chini kabisa, imeviringishwa kwenye khanga. Nikaitoa.

"Fredy, rudisha."

"Wakikugeuza nayo, dada, Vaileth atapikiwa na nani?"

"Mama angekuwepo angeibeba."

"Mama yako hajawahi kupita forodha."

Akanitazama kama nimemtukana. Akaondoka bila kuniaga, nami nikarudi Riverdale na nyama kwapani, roho inaniuma.

Jumapili simu ikalia. Alikuwa Vaileth, mtu ambaye sijawahi kumwona. Akasema forodha walimwaga begi lote, wakakunjua mpaka khanga, wasipate kitu, dada akapita. Ndizi mbichi wamezipata kwa Wasomali.

"Kwa hiyo wewe ndiye mnyang'anyi," akasema. "Nyama ya huku haina ladha, nikwambie ukweli. Ila jana nimekula, nikalala. Nilikuwa sijalala tangu nijifungue."

Nyuma yake nikamsikia da Adela, bado kanuna, anamwambia aniulize kama nimekula.