Wimbo wa Shangazi Unakatika

Injinia, jina alilojipa mwenyewe na ambalo hakuna chuo kinacholijua, alikuwa akitoka jasho tangu saa nane mchana, na wimbo wa shangazi yake ulikuwa bado unakatika. Studio yake ilikuwa stoo ya zamani iliyozungushiwa magodoro ukutani. Shangazi alikaa humo katikati kama bosi, mkoba magotini, vipokea sauti kichwani.

"Hebu tusikie tena," alisema.

Injinia akabonyeza. "Lala mtoto wa…" kompyuta iliimba, kisha tk! Kimya. "…mama yako yupo."

"Makubwa haya! Miaka ishirini na tisa nimeunganisha watu simu, na hata mvua ikinyesha laini zangu hazikukatika hivi. Hiyo mashine umeilisha nini?"

"Ni waya tu, shangazi."

Alibadilisha waya, wapi! Akazima intaneti, akafunga programu zote, pamoja na ile ya matokeo ya mpira aliyodhani shangazi haioni.

"Na timu yako nayo imefungwa?" shangazi akauliza.

Angekuwa mtu mwingine, angeambiwa arudi wiki ijayo. Lakini shangazi alikuwa anaingia hospitali kesho asubuhi kupasuliwa uvimbe kooni, na daktari hakumficha kitu: sauti huenda isirudi ilivyokuwa. Binti yake aliyeolewa mbali alikuwa na mimba ya miezi minane. Shangazi alitaka mjukuu alazwe kwa wimbo uleule aliomtungia binti huyo utotoni, na kwa sauti ya bibi mwenyewe. Leo ndiyo leo.

Pembeni mwa skrini, namba ya mikatiko ilisoma kumi na saba. Na Injinia, Mungu amsamehe, alijua kosa liko wapi tangu mwanzo. Aliibana mno bafa, ile akiba ya sauti ambayo kompyuta hujiwekea isije ikaishiwa njiani. Akiipandisha, mwimbaji hujisikia kwenye vipokea sauti kwa kuchelewa, na yeye alikuwa ameandika mlangoni kwa rangi nyekundu: HAPA UNAJISIKIA PAPO HAPO. Juu ya hayo alikuwa amerundika miangwi mitano ya kuipamba sauti, kompyuta ikawa hoi.

"Shangazi, kosa ni langu," alisema mwishowe, akaeleza yote.

"Kumbe ni sifa! Zitakuua, mwanangu. Ipandishe."

"Utajisikia kwa kuchelewa."

Shangazi akavua vile vipokea sauti na kuviweka mezani. "Nina miaka sitini na mbili na sauti hii. Sihitaji mashine inionyeshe ilipo."

Injinia akapandisha bafa, akafuta miangwi yote, akarekodi. Shangazi akaimba, na wimbo ukaenda moja kwa moja, hata kile kikohozi chake kidogo kikasikika. Namba ilisoma sifuri. Ubeti wa pili, sifuri. Ukafika mstari wa mwisho, ule wa "usilie, nitakuwepo," na baada ya "usilie" sauti ikakatika.

Injinia aliruka kuangalia skrini. Sifuri!

"Safari hii si mimi, shangazi!" akasema akicheka, akageuka.

Shangazi alikuwa amefumba macho, mdomo wazi, machozi yanamtiririka.

"Naogopa," alisema. "Naogopa sana, mwanangu."

Injinia akapiga magoti sakafuni, akamshika mikono yote miwili, wakakaa hivyo. Kisha shangazi akajifuta uso kwa kiganja.

"Bado inarekodi?"

"Bado."

"Basi kaa kimya." Akauimba mstari wote hadi mwisho, polepole, sauti ikitetemeka, wala haikukatika.

Walipousikiliza, Injinia alishika kipanya. "Nikukatie pale uliponyamaza? Na pale uliposema unaogopa?"

"Thubutu! Hayo ni yangu, mjukuu atayasikia," shangazi akasema. "Wewe futa kwikwi zako za kulia pale sakafuni. Zimefunika kila kitu."