Mahudhurio ya Darasa la Nne

Saa nne na robo asubuhi, wakati wa mapumziko, mwalimu wa darasa la nne alivuka barabara akiwa bado na vumbi la chaki mikononi, akapanda ngazi hadi chumba cha redio cha kurekodia hadithi za kusikiliza. Alikwisha kuandika hadithi kumi na moja za kisayansi, na zote zilirudishwa. Ya kumi na mbili, iliyosimulia mji wao miaka thelathini ijayo, ilikubaliwa, kwa sharti kwamba aisome mwenyewe.

"Hao watoto wako wameshatoka nje," alisema fundi mitambo. "Nimeziba dirisha kwa magodoro mawili, na bado nawasikia mpaka kwenye meno."

Mwalimu alisoma, kelele zikipenya magodoro. Walipoisikiliza rekodi, hapakuwa na mtoto hata mmoja. Palikuwa na sauti yake, na nyuma yake injini za magari, geti likipanda na kushuka, na mwanamke akisema kwenye kipaza sauti: "Asante kwa kuegesha nasi." Fundi alikagua nyaya, akaona ziko sawa.

"Miaka saba nahangaika na watoto hao," alisema. "Kumbe dawa ni hadithi yako. Imekwenda kujirekodi huko huko mbele."

"Na magari?"

"Magari hayana neno. Yanaichangamsha."

Mwalimu aliomba nakala. Mwalimu mkuu, ambaye alikuwa mjomba wake, aliisikiliza yote akiwa amesimama, mikono nyuma.

"Geti hilo lina kelele," alisema. "Waliniahidi la kisasa."

"Nani walikuahidi, Mjomba?"

"Wanunuzi. Kiwanja hiki kimeuzwa tangu mwaka jana."

"Nawe ukatia saini."

"Nilitia. Ulitaka niwazuie kwa chaki, mwanangu?"

Tangu siku hiyo mwalimu hakutulia. Alikula amesimama. Alianza barua tatu, akazichana zote. Alizunguka uzio wa shule asubuhi na alasiri kama aliyeangusha ufunguo. Katika ofisi ya viwanja, karani aliisikiliza rekodi kwa heshima zote, kisha akauliza kama maegesho hayo yatakuwa na kivuli.

Ndipo alipoazima kinasa sauti cha fundi, akakiweka juu ya meza yake darasani, akaita mahudhurio. Watoto arobaini na mmoja waliitikia "Nipo" hata vioo vikatetemeka. Alipoirudisha rekodi, ilisikika sauti yake peke yake ikiita, na baada ya kila jina pengo lenye urefu wa "nipo" moja kamili. Nyuma yake magari yaliegeshwa bila haraka.

Mwanafunzi wa dawati la mbele, aliyeng'oka meno mawili, alinyoosha mkono.

"Mwalimu, mimi sikuitikia?"

"Uliitikia."

"Basi niandikie."

Akamwandikia.

Kinasa sauti alikirudisha mwenyewe, rekodi ya mahudhurio ikiwa ndani. "Hii si hadithi," alimwambia fundi.

"Ndiyo maana ni nzuri," fundi alijibu, na Jumamosi akaitangaza hewani.

Barua zilimiminika. Wasikilizaji walisema hawajapata kusikia kimya kilichotungwa kwa ustadi namna ile. Mwezi haukuisha kabla mwalimu hajapewa cheti cha mtunzi bora wa hadithi za kisayansi, chenye muhuri na fremu ya mbao.

Jumatatu iliyofuata wapima ardhi walichomeka vigingi katikati ya uwanja, na watoto wakavifanya magoli. Mjomba wake alileta nyundo na msumari ili akitundike cheti ofisini. Aliutazama ukuta kitambo, akarudisha nyundo mfukoni, akakiegemeza cheti juu ya meza, mahali pepesi pa kuchukulika.

Kengele ililia. Mwalimu alifungua daftari la mahudhurio, akaita jina la kwanza. Mtoto aliitikia.

Akamwomba arudie.