Chungu Kilichoandikwa Nuka

Niliapa mwaka 2011, Jumanne, nje ya lango la shamba moja la maua kule Naivasha, kwamba sitamwita mtu mwingine madam. Nakumbuka rangi ya gari la meneja, yule tuliyemwita madam. Nakumbuka pia uso wa msimamizi aliyekosea kipimo, waridi zikakatwa fupi boksi baada ya boksi, halafu akasema aliyekata ni Dorah, mwenzangu wa laini. Nilisimama kumtetea Dorah, tukafutwa wote wawili. Watu husema sahau. Mimi sikuzaliwa na hiyo dawa.

Kwa hivyo Emiliana, Mhaya wa Bukoba tunayeishi naye chumba kimoja hapa Discovery Gardens, Dubai, aliponiambia kuna mama Mjapani anayewafundisha wake za mameneja upishi nyumbani kwake na anatafuta mtu wa kuosha vyombo siku za darasa, swali langu la kwanza halikuhusu malipo.

"Anataka aitweje?"

"Madam. Si ndiyo wanavyoitwa wote, dada Redempta?" Emiliana alikuwa akimfanyia usafi Jumatatu na Alhamisi, mwaka wa pili huo.

Nilienda Jumapili, siku yangu ya mapumziko. Mama mwenyewe ni mfupi, mvi zimekatwa usawa wa masikio, na ana miaka thelathini hapa Dubai. Kabla sijaketi nikamwambia masharti yangu: sitamwita madam, na darasa likiisha atanifundisha mimi kile alichowafundisha wale wake za mameneja. Alinitazama kama mtu anayepima samaki sokoni.

"Niite Fumie-san."

"San ni nini?"

"Ni heshima. Kila mtu anapewa. Hata muuza samaki."

"Basi na mimi ni Redempta-san, ama hakuna kuosha sufuria."

Akacheka. Emiliana nilipomsimulia alishika mdomo. "Fumie Sana! Kumbe ni Fumie Sana!" Lakini Alhamisi akaendelea kumwita madam vilevile.

Nilijifunza. Kwetu Vihiga chakula ni kuchemsha mpaka kikubali. Kwa Fumie kipande cha mwani mkavu hulowekwa, kikipashwa moto hutolewa kabla maji hayajatokota, na mtu akisahau supu huwa na utelezi na uchungu. Niliharibu mara tatu. Wali hufunikwa na mfuniko haugusiki, hata kama unasikia mlio wa kutisha ndani. Naye nilimwonyesha jinsi ya kukata sukuma wiki bila ubao, fungu likiwa kwenye ngumi ya kushoto na kisu kikinyoa kwa kulia. Aliniomba nirudie polepole, akavaa miwani kuangalia. Jumapili hizo nilikuwa nikirudi nyumbani nikiimba. Niseme kweli, sikuwa nimeimba miaka mingi.

Kilichonishika zaidi ni chungu cha kahawia pembeni mwa jiko. Ndani mna pumba za mchele zilizokandwa na chumvi na maji, zimechachuka, zimelainika kama udongo wa kingo za mto. Unafukia tango jioni, asubuhi unalifukua, unaliosha, unalikata. Lina chumvi, lina ukali, linakwaruza ulimi vizuri. Chungu kile kilianzishwa na mama yake Fumie kabla Fumie hajazaliwa. Fumie alibeba pumba zake kwenye mfuko alipoolewa, akazibeba tena alipokuja huku. Kila siku zinataka kugeuzwa kwa mkono mtupu, za chini zije juu, na kwa joto la Dubai ni mara mbili. Zikiachwa, zinakufa.

"Zinaitwaje?" niliuliza.

"Nuka."

Nilicheka mpaka nikaegemea friji. Sikumweleza sababu. Wala sikumweleza Emiliana. Nilikifurahia kichekesho changu peke yangu, kama mtu anayekula nyama gizani.

Mwezi wa tano dada yake Fumie aliugua Osaka. Akanipa ufunguo, kama ule wa Emiliana, na chungu. "Siku kumi na mbili," alisema. "Asubuhi na jioni. Ni mkono wa mama yangu huo umo ndani." Hakuna aliyewahi kuniachia kitu chake cha thamani bila kamera juu yake.

Siku tisa nilikigeuza kabla ya kwenda kufua mashuka hotelini, na tena nikirudi. Siku ya kumi, Alhamisi, nilitoka kazini moja kwa moja hadi kule. Chungu kilikuwa kimepinduliwa kwenye rafu ya vyombo, kinang'aa. Kinanukia dawa ya kufulia nguo nyeupe.

Nilikimbia nyumbani.

"Emiliana! Chungu kilichokuwa pembeni ya jiko?"

"Nimekiosha." Alikuwa anasuka nywele, kioo mapajani. "Mwenzangu, madam amejua Kiswahili! Leo nafuta vumbi, kumbe kabandika karatasi ubavuni, herufi kubwa: NUKA. Nikajiuliza, hivi ananiambia kinanuka? Nikafungua. Jamani! Soksi za walinzi wa jengo zima! Nikamwaga yote kwenye shimo la taka, nikakisugua mara tatu. Akirudi atafurahi."

Nikakaa kitandani. Karatasi ile Fumie aliibandika kwa ajili ya wanafunzi wake, kama alivyobandika kwenye chumvi na siki. Nilipomweleza Emiliana kilichokuwamo, kioo kilimtoka mapajani.

"Mama yake marehemu?" alinong'ona. "Nimemmwaga mama yake?"

Usiku huo hakulala. Ijumaa akaja na wazo: kabatini kwa Fumie mna mfuko wa pumba mpya. "Tukande, tutie chumvi, turudishe. Pumba ni pumba, dada. Atajuaje?"

Nitakiri, niliushika ule mfuko. Nilijua nikisema kweli, huenda Jumapili zangu zimekwisha. Na Emiliana angekosa kazi, tena kwa neno la Kiswahili sanifu! Lakini nikamkumbuka yule msimamizi wa Naivasha na waridi zake fupi, alivyokuwa na uso mtulivu. Sikutaka kuwa na ule uso. Nikaurudisha mfuko kabatini.

Fumie alirudi Jumapili asubuhi. Tulikuwa jikoni wote wawili, Emiliana amevaa gauni la kanisani kana kwamba amekuja kusomewa hukumu. Dada yake anaendelea vizuri, alisema, huku akivua viatu mlangoni. Akaenda moja kwa moja kwenye chungu, akafunua.

Akapitisha kidole ndani, kikatoka kikavu.

"Ni mimi, madam," Emiliana akaanza.

"Subiri," nikasema. "Fumie-san, kosa ni la aliyejua akanyamaza. Mimi nilijua kilichomo, na nalala naye chumba kimoja. Na wewe ulijua. Mwaka wa pili huu anafuta vumbi la hicho chungu, na hakuna aliyemwambia ni nini. Wanaokuja na magari umewaandikia karatasi. Yeye aliisoma kwa lugha yake." Nikamweleza maana ya nuka kwetu.

Fumie alivuta kiti akaketi. Mabega yakaanza kutikisika. Nilidhani analia, na kweli alikuwa analia, lakini alikuwa anacheka pia, kicheko kisicho na sauti, ameziba uso kwa viganja.

"Mume wangu," alisema hatimaye, "alisema hivyohivyo kila asubuhi. Kwamba kinanuka."

Akafuta macho. Kisha akamtazama Emiliana, na nadhani ilikuwa mara yake ya kwanza kumtazama bila kuangalia sakafu ni safi kiasi gani.

"Nilipaswa kukwambia. Samahani." Akainamisha kichwa. Emiliana, kwa kutojua la kufanya, akapiga goti kama kwao Bukoba, na wakabaki hivyo, mmoja ameinama na mwingine amepiga goti, hakuna anayetaka kuinuka wa kwanza.

"Khalas, inatosha, ninyi wawili," nikasema. "Mgongo."

"Cha mama hakitarudi," Fumie alisema alipoinuka. "Kitakuwa kingine." Akatoa mfuko wa pumba, akazikaanga kidogo, jikoni pakanukia kama mahindi ya kuchoma. Chumvi, maji yaliyopoa, kipande cha mwani, pilipili kavu. Kisha akamwambia Emiliana avue pete.

"Nioshe nini?"

"Huoshi. Unakanda."

Mikono mitatu iliingia mle, tukisukumana. Fumie akaeleza kwamba ladha hutoka kwenye ngozi ya anayegeuza, ndiyo maana kila nyumba ina yake. "Kumbe mkono wa mpishi ni kweli," Emiliana akasema. "Bibi yangu alisema, mimi nikadhani ni maneno tu."

Siku za kwanza tulifukia majani ya kabichi na kuyatupa, ili pumba zichachuke. Wiki ya tatu tango la kwanza likakubali. Sasa tuna zamu: Emiliana Jumatatu na Alhamisi, kabla hajagusa ufagio, mimi Jumapili, siku nyingine Fumie mwenyewe. Na Jumapili Emiliana hukaa darasani mbele, kwenye kiti, na wale wake za mameneja wamezoea kumpisha. Matango ya zamu yangu, wananiambia wote wawili, huwa makali kuliko ya wengine. Sijakataa.