Mausi ya Gemu Ibadani

Brenda alikuwa akikaa Themi, akirekodi video za kukagua vifaa vya gemu. Duka moja la mjini lilimpa mausi mpya ya kompyuta isiyo na waya, yenye taa za kubadilika rangi na vitufe ubavuni. Walitaka awaambie ukweli: inadumu? Na mkono unachoka?

Shida ilikuwa mkono wake mdogo. Mausi ilimjaa kiganjani kama parachichi. Akaipeleka Lemara kwa mama yake, Penina, karani wa usharika, mwenye mkono mpana uliokulia kwenye migomba ya Meru, na ambaye siku hizi alilalamika kifundo cha mkono kinamuuma.

"Itumie Jumapili, mama, halafu uniambie mkono unajisikiaje."

"Hizi taa zinazimwaje?"

"Hazizimwi."

"Basi nitaifunika na leso."

Kila Jumapili Penina alikaa kwenye kompyuta akibadilisha maneno ya nyimbo ukutani. Tangu usharika upate projekta, hakuna aliyebeba tena kitabu cha nyimbo.

Jumapili hiyo ubeti wa kwanza ulikwenda vizuri. Ulipoisha, kidole gumba cha Penina kikaegemea kitufe cha ubavuni, chini ya leso, na ukuta ukarudi mwanzo. Watu wakauimba tena. Gumba likaegemea tena. Safari hii waliimba kwa hisia zaidi, wakidhani mchungaji ndiye aliyeagiza. Gerson, mwalimu wa kwaya, alimkazia Penina macho huku mikono ikiendelea kuongoza.

Penina akabonyeza kitufe kingine kwa hasira. Hicho wacheza gemu hukitumia kufyatua risasi kwa mfululizo. Beti zilizobaki zikapita mbio, likatokea tangazo. Waumini, waliozoea kuimba kilichoandikwa, wakaimba:

"Akina baba mnakumbushwa Jumamosi, kuchimba shimo la choo, kila mtu na jembe lake."

Waimbaji wa besi wakarudia "na jembe lake", kwa kuwa wimbo ule una kiitikio hapo.

Penina alishtuka, akavuta leso, mausi ikaanguka sakafuni na kuteleza hadi chini ya benchi la wazee wa kanisa, ikiwaka kijani na zambarau. Mzee Eliasi alidhani ni mdudu. Akaikanyaga kwa kiatu. Ukutani likaja tangazo la pili, nalo likaimbwa.

Baada ya ibada Brenda, aliyekuwapo na kuona yote, alimkuta mama yake amejifungia ofisini.

"Shikamoo, mama. Mkono unauma?"

"Marahaba." Penina akanyoosha vidole, akafikiri kidogo. "Hauumi hata kidogo. Kinachouma ni aibu."

"Na mausi bado nzima, pamoja na kukanyagwa."

"Basi waambie hivyo. Na waambie wahamishe vile vitufe vya gumba."

Jumamosi akina baba walijaa uwanjani na majembe, hata wale ambao kwa kawaida huwa na msiba Moshi siku za kazi. Wengine walichimba huku wakiliimba lile tangazo. Gerson, aliyekuwa hamsemeshi Penina wiki nzima, akaja ofisini akajikohoza.

"Mama Brenda, tangazo la usafi nalo lina mistari mingapi?"

Brenda alipokuja kuchukua mausi yake, mama yake alimwambia ukaguzi bado unaendelea.