Tundu Chini ya Utepe

AC ya gari la Hezekia ilikufa kwa mara ya tatu ndani ya miezi minne, na safari hii ilimfia Mikumi, akiwa na watalii ndani. Akalipeleka kwa Ziada, fundi wa AC mwenye kibanda kando ya barabara kuu ya Iringa, akamwomba amjazie gesi upesi. Mara mbili zilizopita alikuwa amejaziwa kwao Kilosa, na Mzee Melkizedek.

Ziada alitabasamu kusikia jina hilo. Miaka tisa nyuma, gereji zote za Kilosa zilimcheka, binti wa mkulima wa mpunga anayetaka kushika spana. Mzee Melkizedek peke yake ndiye aliyempa ovaroli, na mteja mmoja alipomfanyia binti huyo dhihaka, mzee alimwambia achukue gari lake aondoke. Kila alichokijua Ziada kuhusu baridi ya magari alikitoa kwake.

Hakujaza. Alichomeka geji, mishale ikalala chini pande zote mbili. Gesi haiishi kama petroli, alimweleza Hezekia. Ikipungua, kuna mahali inapovuja. Watalii wakachukuliwa na gari jingine, Hezekia akakaa kwenye benchi kusubiri.

Ziada aliingiza gesi kidogo pamoja na rangi inayong'aa, akaacha injini ingurume robo saa, kisha akajifunika turubai juu ya injini na kuwasha taa ya zambarau. Kompresa ilikuwa safi. Kondensa nayo safi, maungio makavu. Nyuma kabisa, bomba la alumini lilikuwa limezungushiwa utepe mweusi, na kwenye ukingo wa utepe ule paliwaka doa la kijani.

Akaubandua. Chini yake palikuwa na tundu dogo kama ncha ya sindano, la duara, kingo zake safi. Alumini ikiliwa na kutu huacha unga mweupe. Jiwe likiruka hukwaruza. Hili lilitobolewa na mtu aliyejua kwamba gesi, ikizuiwa na utepe, itachukua mwezi na ushee kuisha. Tena utepe wenyewe ulikuwa umekazwa kwa waya wa shaba, umesokotwa mara mbili na ncha kulazwa ndani isimchome fundi atakayefuata. Ziada naye alifunga hivyo hivyo, na aliyemfundisha alikuwa mmoja tu.

Alikaa chini ya turubai mpaka jasho likamwingia machoni. Hezekia akauliza kama amepata.

"Kutu," alisema. "Bomba limeliwa na kutu."

Alitoa gesi iliyobaki, akachomelea tundu, akabadilisha kichujio, akafyonza hewa kwa nusu saa na kuitazama geji kama mshale utapanda. Haukupanda. Akajaza gesi kwa kupima uzito, na Hezekia akaondoka akimsifu.

Jumapili alipanda basi kwenda Kilosa. Mzee alikuwa amekaa mlangoni mwa gereji na miwani yake minene. Ziada akamwamkia, mzee akaitikia marahaba mwanangu, akamsogezea kiti. Alipomaliza kueleza alichokikuta, mzee hakukana. Alisema macho yake hayaoni tena panapovuja, kazi kubwa zote zinakimbilia Morogoro, naye amebakiwa na kujaza gesi. Kisha akauliza jambo moja.

"Ulimwambia Hezekia?"

"Nilimwambia ni kutu."

Mzee alitikisa kichwa taratibu, kama zamani alipokuwa akiridhika na kazi ya Ziada.

"Sasa umekuwa fundi," alisema.

Maneno hayo Ziada aliyangoja tangu siku ya kwanza alipovaa ovaroli. Njia nzima ya kurudi Mikumi yalimkaa kifuani kama chakula kilichochacha.

Baridi ya gari la Hezekia ilidumu, na madereva wengine wa Kilosa wakaanza kumfuata Ziada. Gari la kwanza lilikuwa na tundu la namna ile ile. Akaliziba, akanyamaza. La pili lilikuwa la Anastazia, mama aliyekuwa akimpeleka mumewe hospitali kila wiki kusafishwa damu, mgonjwa akizimia kwa joto njiani. Hapo Ziada alishindwa kunyamaza. Akamwonyesha tundu, akamtajia aliyelitoboa.

Anastazia alikwenda Kilosa siku hiyo hiyo. Mzee hakupandisha sauti. Alisema mbele ya watu kwamba alimlea binti yule kama mwanawe, na leo anatoboa mabomba ya wateja ili amnyang'anye kazi. Kama mnabisha, alisema, mwulizeni Hezekia, maana gari lake ndilo lililotangulia. Hezekia akaulizwa, naye bila ubaya wowote akasema alichoambiwa na Ziada mwenyewe: kutu. Watu wakaona Ziada hana neno moja.

Ziada akampigia simu, akamweleza yote tangu mwanzo. Hezekia akauliza:

"Dada, sasa nishike lipi? Ulinidanganya siku ile, au unanidanganya leo?"

"Siku ile."

"Hata hilo unalisema wewe tu," alijibu, kwa sauti ya upole.

Madereva wa Kilosa hawakurudi. Walirudi kwa mzee, wakajaziwa, magari yakapoa kwa mwezi, wakajaziwa tena. Anastazia naye alihamia kwa fundi wa Morogoro, asiwe upande wa yeyote.

Siku hizi Ziada huishi kwa wapita njia, watu wa Iringa na Mbeya wasiomjua wala yeye hawajui. Kabla ya kugusa bomba huwaita waje kuliona, huwapa taa waishike wenyewe, huwaambia wapige picha. Wengi huona anawapotezea muda. Dada, jaza tu gesi, humwambia, tuna safari ndefu. Siku nyingine hubishana nao. Siku nyingine, jua likiwa kali na mtu ameshakunja uso, hujaza.