Ukuta wa Chumba cha Mama

Mama alianza kusikia baridi katikati ya kiangazi, wakati mtaa mzima ulikuwa unalala madirisha wazi. Mwanzoni aliomba shuka la pili. Baadaye blanketi. Mwishowe akawa analala na sweta na soksi, amejikunja, na asubuhi anaamka meno yanagongana.

Alikuwa akiishi na binti yake, fundi wa kushona, ambaye cherehani yake ilikaa sebuleni karibu na dirisha. Fundi alimpeleka hospitali. Daktari akapima damu, akasikiliza mapafu, akaangalia presha, akakuta mama mwenye afya ya kuonewa wivu.

"Homa hana," alisema daktari. "Labda chumba chake ndicho cha baridi. Kipimeni."

Fundi akanunua kipimajoto, akakitundika chumbani kwa mama. Kikaonyesha nyuzi ishirini na tano. Akakitoa, akakitundika sebuleni, alikokuwa ameketi jasho likimtiririka mgongoni. Ishirini na sita. Akakirudisha chumbani, akakigonga kwa kidole. Ishirini na tano ileile.

"Mama, sebuleni unasikia baridi?"

"Hapana. Sebuleni niko sawa."

"Lakini joto la sebuleni na la chumbani ni kama mamoja."

"Basi ni mimi," mama akasema taratibu. "Joto linanitoka, mwanangu. Nikilala nalisikia kabisa linavyokwenda."

Fundi aligusa godoro, halikuwa na baridi. Akagusa kuta. Ule wa upande wa kitanda ulikuwa wa baridi, lakini ukuta ni ukuta. Hata mkasi wake ulikuwa wa baridi kila asubuhi, na vitambaa vilivyolala nao meza moja havikuwa na baridi hata kidogo. Hilo nalo hakuwahi kulielewa. Akaachana nalo, akaenda kuziba mwanya wa dirisha kwa matambara.

Mama yeye alishaelewa kwa namna yake. Akaanza kugawa vitu. Gauni lake zuri akampa jirani, sufuria kubwa akampa mke wa mwanawe. Kisha akaomba simu ampigie mdogo wake.

Hapo ndipo fundi alipoogopa kweli. Mama na mama mdogo hawakuwa wakisemezana tangu baba yao alipougua. Mama alimuuguza mzee peke yake mpaka mwisho. Mama mdogo hakuja, akaonekana siku ya mazishi tu, amesimama nyuma ya watu. Tangu hapo, jina lake likitajwa, mama alikuwa anainuka na kwenda jikoni.

Mama mdogo alikuja na begi dogo, akakaa ukingoni mwa kiti kama mtu aliyekuja kuomba kazi.

"Nimekuita kwa sababu naondoka," mama alimwambia. "Sitaki kuondoka na hili moyoni. Nimekusamehe."

Mama mdogo alilia mpaka pua ikaziba. Mama hakulia. Alimshika mkono tu, na mama mdogo akashtuka kwa jinsi vidole vyake vilivyokuwa vya baridi.

Wazo la kumfukiza lilikuwa la mama mdogo. Akaleta chumbani sufuria la maji yanayochemka, akafunga mlango, akamfunika dada yake blanketi kichwani. Chumba kikajaa mvuke. Walipofunua, mama alikuwa mwekundu macho na ametulia. Lakini ukuta wa upande wa kitanda ulikuwa unatiririka maji mpaka sakafuni. Kuta tatu zilizobaki zilikuwa na unyevu kidogo tu.

"Bomba limepasuka," akasema mama mdogo.

Fundi bomba akaja, akagonga ukuta juu mpaka chini, akaweka sikio. "Hapa hapajawahi kupita bomba," akasema. Akaangalia maji yale, akaangalia dari kavu, akafungasha vifaa vyake. Alipoulizwa basi maji yanatoka wapi, alisema hajui, na kwamba angependa kujua.

Walikuwa bado wamesimama wanautazama ukuta wakati mwenye bucha ya jirani alipobisha hodi. Alikuwa na aproni, na uso wa mtu aliyekwisha kuvumilia vya kutosha.

"Jirani, samahani. Ninyi mna tanuri huku ndani?"

"Tanuri?" fundi akauliza.

"Mashine ya chumba changu cha baridi haipumziki. Inaunguruma mchana kutwa na nyama haipoi. Fundi wa majokofu amejaza gesi, haikusaidia. Sasa anasema joto linaingia kutokea kwenu."

"Kaka, mama yangu anatetemeka humu."

Mwenye bucha alimtazama mama aliyejifunika blanketi, kisha akatazama jua nje. Ilibidi wote wazunguke kwenda kuona.

Chumba chenyewe kilikuwa nyuma ya duka, mapaja ya ng'ombe yakining'inia kwenye kulabu. Fundi wa majokofu alikuwa amepiga magoti mbele ya ukuta wa mwisho, anajikuna kichwa.

"Mabao ya huku yalikwenda wapi?" aliuliza. Upande wote mwingine ulikuwa umevishwa mabao mazito ya kuzuia joto, yenye povu gumu ndani.

"Mwezi uliopita nilitaka nafasi ya kulabu zaidi," mwenye bucha alisema. "Mjenzi akayatoa ya upande huo. Alisema tofali linatosha."

"Tofali halitoshi. Linapitisha."

Fundi wa kushona aliuangalia ukuta ule, akahesabu vyumba kichwani. Nyuma yake palikuwa na kitanda cha mama.

"Kwa hiyo baridi yenu inaingia kwetu," akasema.

"Baridi haiingii popote, dada. Ni joto ndilo linalosafiri, kutoka penye joto kwenda penye ubaridi. Lenu linapita kwenye tofali, linakuja kupasha nyama," fundi wa majokofu akasema.

Mama, aliyekuwa amesimama mlangoni na blanketi lake, alidakia. "Lakini mimi sijawahi kuugusa ukuta ule. Kitanda kiko mbali nao hivi." Akaonyesha urefu wa mkono.

"Jua nalo hujaligusa, mama, na linakuchoma. Mwili wako unarusha joto kila upande. Kuta nyingine zinakurudishia karibu lote. Huu haukurudishii."

"Na kipimajoto?" fundi wa kushona akauliza.

"Kinapima hewa. Hewa yenu haina tatizo."

Fundi wa kushona aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelewa, ingawa alikuwa ameelewa nusu. Angalau maji ya ukutani aliyaelewa: ni mvuke wa sufuria uliogusa ubaridi ukageuka maji. Ndipo akauliza habari za mkasi na vitambaa, wenzake wakamshangaa. Fundi wa majokofu akamwambia kwamba vyote viwili vina joto moja, ila chuma kinanyonya joto la mkono haraka na kitambaa polepole. Hilo alilifikiria jioni nzima, na kila alipodhani amelishika likamponyoka tena.

Mwenye bucha alimwomba mama radhi, akarudisha mabao. Kitanda kikahamishiwa upande wa pili. Mama akavua sweta, kisha soksi, akalala usingizi wa mtoto.

Walitegemea afurahi. Badala yake alinuna. Alikula kimya, akamjibu mdogo wake kwa neno mojamoja. Fundi akamfuata chumbani.

"Mama, una nini?"

"Nilimsamehe kwa sababu nilikuwa nakufa."

"Na hufi."

"Sifi. Sasa nifanye nini?"

Fundi akawaza. Sufuria linaweza kudaiwa, na kwa kweli lilikuwa limesharudi. Hili lingedaiwaje?

Kesho yake mama mdogo alitoka na begi lake mkononi. "Naona umepona, dada. Acha nikuache upumzike."

"Weka hilo begi chini," mama akasema. "Siku ile nilikusamehe haraka. Kuna mambo sikukwambia."

"Niambie."

"Yatachukua muda."

Mama mdogo akaweka begi, wakaingia chumbani, mlango ukafungwa. Fundi alisikia sauti ya mama ikipanda kuliko alivyowahi kuisikia. Akasikia mama mdogo akisema, "Nilimwogopa, dada, nilishindwa kumwona baba vile," na mama akijibu kwamba hata yeye alimwogopa, ila alikaa. Halafu zikatoka sauti ambazo fundi, kwa jinsi alivyotega sikio, hakuweza kuzitambua kama ni za kilio au za kicheko.

Aliinuka nusu, akakaa tena. Akavuta kitambaa chini ya sindano, akaanza kushona, polepole, ili asizifunike sauti zao kwa kelele za cherehani.